UZI: Draiva yako haifiki mbali? Angalia plastiki na uzito kabla ya kuulaumu mkono

#1 MsonobariMrefu (Tampere)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa michezo ya ughaibuni nilitaja kwamba huku Finland nacheza gofu ya diski, nikaulizwa maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu pale. Niliahidi kuanzisha uzi wake, ndio huu.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: unarusha diski ya plastiki kutoka sehemu ya kuanzia hadi kwenye kikapu cha minyororo kilichosimama juu ya nguzo, na anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, yuleyule aliyeiboresha frisbi, na uwanja wa kwanza wa kudumu ulianza mwaka 1975 huko Oak Grove, California. Finland wameupokea mno. Viwanja vingi ni vya bure, vimekatwa ndani ya misonobari karibu na makazi ya watu. Mimi nachezea zaidi Peltolammi. Mji wa jirani ni Nokia, ndio ule uliozipa jina simu, nao una uwanja uitwao The Beast ambako yamewahi kuchezwa mashindano ya European Open.

Leo nataka tuzungumzie draiva tu, yaani zile diski za mwendo mrefu zenye ukingo mpana na mkali.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua draiva iitwayo Destroyer, ya plastiki ngumu iitwayo Champion, gramu 175. Muuzaji aliniambia ndiyo wanayorusha wachezaji wakubwa, na kweli wanairusha. Kila nikiiachia ilikwenda mita arobaini na kitu, kisha ikajinyonga kushoto na kuingia kichakani. Kiangazi kizima nilijua tatizo ni mkono wangu. Siku moja mzee wa Kifini niliyekuwa nakutana naye pale uwanjani alinitazama nikirusha mara tatu, akafungua begi lake, akanipa draiva iitwayo Valkyrie, ya plastiki ya bei nafuu iitwayo DX. Ilikuwa imechakaa, ukingo umejaa alama za miti, na kwa chini imeandikwa 165 kwa kalamu ya wino. Akanionyesha kwa kidole: rusha. Iliondoka imenyooka, ikalalia kulia kidogo, ikajirudisha, ikaupita msonobari ambao sikuwahi hata kuukaribia. Mkono ulikuwa uleule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua kwa nini. Nitaeleza nilichokielewa, mwenye zaidi aongeze.

Kwanza tuelewe diski inarukaje. Utotoni wengi wetu tumechezea pia, kile kichezeo kinachozungushwa chini. Pia ikiwa inazunguka kwa nguvu, ukiisukuma haianguki upande ule uliousukumia, inainamia ubavuni. Diski nayo ni pia, ila inazunguka ikiwa angani. Ukirusha kwa mkono wa kulia kuanzia kifuani kwenda nje, inazunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Mwanzoni, ikiwa na kasi kubwa, hewa inaibeba zaidi upande wa nyuma ya kitovu, kwa hiyo pua inasukumwa chini. Lakini kwa kuwa inazunguka haiinamii mbele, inalalia kulia. Kasi ikipungua, mahali inapobebwa panahamia mbele, pua inasukumwa juu, na diski inalalia kushoto mpaka itue. Kila draiva ina hizo hatua mbili, ila zinatofautiana ukubwa.

Namba nne zilizochapwa juu yake ndizo zinazoeleza hayo: kasi, kuelea, kupinda (ile hatua ya kwanza ya kulia), kurudi (ile ya pili ya kushoto). Destroyer ni 12, 5, -1, 3. Valkyrie ni 9, 4, -2, 2. Mimi na wenzangu wachache wa Kiswahili hapa diski inayokataa kupinda na kurudi kwa nguvu tunaiita kaidi, na ile inayopinda upesi tunaiita legevu. Nitayatumia maneno hayo.

Jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye diski yangu ni kwamba namba hizo ni za jina la diski. Hazisemi kipande ulichoshika kimetoka kwenye plastiki gani, wala kina gramu ngapi.

#2 KijanaWaIlala

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo mwisho umenipoteza. Kalibu si ni moja? Kama Valkyrie zote zinatoka kwenye kalibu moja, umbo ni lile lile, basi zitaruka sawa. Naona kama kampuni zinauza rangi na majina tu ili ununue mara tatu.

#3 MsonobariMrefu (Tampere)

Kijana, hoja yako ni ya haki, nami niliamini hivyohivyo. Ndiyo maana nilijaribu mwenyewe.

Juni huku jua linazama baada ya saa tano usiku. Saa nne nilikwenda uwanja wa mpira, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, nikiwa na Valkyrie tatu: DX ya 175, Champion ya 175, na Champion ya 158. Nilirusha kila moja mara kumi nikahesabu hatua.

DX ililalia kulia kidogo kisha ikarudi taratibu. Champion ya uzito uleule haikupinda karibu kabisa, ilikwenda imenyooka halafu ikarudi kushoto mapema na kwa nguvu zaidi, na ikawa fupi kuliko zote. Champion nyepesi ilinipa hatua nyingi kuliko zote, lakini ilitawanyika vibaya: mirusho miwili ilitua nje kabisa ya mstari wa uwanja upande wa kulia, mmoja ulizunguka kushoto. Zile mbili za 175 ungeweza kuzifunika karibu zote kwa turubai moja kubwa.

Halafu niliziweka mezani jikoni, nikashusha jicho usawa wa meza. Hapo ndipo nilipoona. DX ilikuwa na kuba dogo katikati, yaani mgongo umevimba kidogo. Champion ya 175 ilikuwa bapa, na ule mstari mwembamba unaozunguka ukingo, mahali pande mbili za kalibu zinapokutana, ulikuwa juu kidogo kutoka mezani kuliko wa DX. Tofauti ni ndogo kiasi cha unene wa kucha. Wachezaji wa siku nyingi huutazama mstari huo kabla ya kutazama namba: ukiwa juu, diski ni kaidi, ukiwa chini, ni legevu.

Kwa hiyo kalibu ni moja, lakini kinachotoka si kimoja. Kwa nini iwe hivyo, hapo sina utaalamu.

#4 FundiKalibu (Dar es Salaam)

Wakuu, sijawahi kushika diski hizo, ila plastiki nimeishi nayo miaka mingi kwenye mashine za mabeseni na vifuniko vya ndoo. Swali la Kijana nalijibu mimi.

Plastiki ikiingia kwenye kalibu ni uji wa moto. Ikipoa inasinyaa, na kila plastiki ina kiasi chake. Polithini sisi tunaihesabia kati ya asilimia 1.5 na 3, wakati mwingine zaidi. Poliyurethani kwa kawaida inasinyaa kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo ukimimina plastiki mbili tofauti ndani ya kalibu moja, unapata vitu viwili visivyolingana.

Kuna jingine kubwa zaidi. Kutokana na maelezo ya Msonobari, diski ina ukingo mnene na bamba jembamba katikati. Hilo kwetu ni balaa. Bamba linapoa kwanza na kukakamaa, ukingo bado una moto ndani. Ukingo unapokuja kupoa na kusinyaa unalibana bamba pande zote, nalo halina pa kwenda isipokuwa kuvimba juu. Hilo ndilo kuba lako. Likikaa sana kwenye kalibu linatoka bapa zaidi, ukilitoa mapema linaendelea kujikunja likiwa mezani. Mabeseni yetu yakitolewa haraka wakati wa oda nyingi, mdomo unapinda na hayapangiki vizuri. Hata plastiki ya aina moja, ukibadilisha rangi tu, tabia inaweza kubadilika kidogo, maana rangi ni unga unaochanganywa humo.

Tazama katikati kwa chini ya diski yako. Utaona kovu dogo la duara. Hapo ndipo uji ulipoingilia.

#5 MsonobariMrefu (Tampere)

Fundi, Mungu akupe afya. Nimegeuza diski sasa hivi na kovu lipo. Miaka mitatu nimekuwa nalipapasa kwa kidole kila ninapojiandaa kurusha, sikujua ni mlango wa plastiki.

Niunganishe na majina ya madukani. Nitatumia ya Innova kwa sababu ndiyo ninayoyafahamu zaidi. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Eagle mwaka 1983, diski ya kwanza yenye ukingo uliochongwa mkali.

DX ni plastiki ya bei nafuu. Inashikika vizuri hata mkono ukiwa na unyevu, lakini inaumia. Ukiigonga kwenye mti ukingo unachubuka, na kila mchubuko unaisogeza diski kuelekea ulegevu. Valkyrie ya yule mzee ilikuwa hivyo, miaka ya kugonga misonobari ilikuwa imeilainisha mpaka ikafaa mkono dhaifu kama wangu wa wakati ule. Champion ni ngumu, mara nyingi inapitisha mwanga, na inakaa miaka bila kubadilika, kwa kawaida ndiyo kaidi kuliko ndugu zake. Star haipitishi mwanga, inashikika vizuri kuliko Champion, inadumu karibu sawa. GStar ni Star iliyolainishwa, na huku kwetu ikifika Novemba naitoa kabatini, kwa sababu baridi inaifanya Champion iwe kama sahani ya udongo mkononi, inateleza hata ukiibana vipi. Kampuni nyingine zina ngazi zilezile kwa majina yao: Discraft wana Z na ESP, Latitude 64 wana Opto na Gold.

Ipo pia mbinu ya kampuni ya MVP, ambao wanatengeneza diski kwa plastiki mbili, kiini chepesi kimevishwa ukingo mzito. Uzito ukikaa pembeni mzunguko unadumu. Anayekumbuka pia ya kichwa kipana na ya kichwa chembamba atanielewa.

#6 MamaAmani_MN

Kaka Msonobari, shikamoo kwa uvumilivu wako wa kuandika. Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota. Mwanangu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyenivuta kwenye mchezo huu, sasa kila Jumamosi tunatoka. Tulinunua diski tatu kwa pamoja, zote zina 173 hadi 175. Bega langu linauma kila Jumapili na hakuna inayofika mbali. Dukani waliniambia nyepesi ni za watoto na upepo utazibeba. Tunachezea sana Bryant Lake, kule mlimani upepo haukosekani. Nifanye nini?

#7 MsonobariMrefu (Tampere)

Dada yangu, pole na bega. Hili la "nyepesi ni za watoto" linaniuma kwa sababu limewaumiza wengi.

Hiyo 175 ilitoka wapi? Chama cha mchezo, PDGA, kina sheria kwamba diski isizidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo chake. Draiva nyingi zina kipenyo cha sentimita 21.1. Zidisha utapata 175.1. Basi. Hicho ni kikomo cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na watu wakakigeuza kuwa kipimo cha utu uzima.

Uzito unafanya kazi hivi. Diski mbili zenye umbo moja na kasi moja, hewa inazisukuma kwa nguvu ileile. Nyepesi inakubali kusukumwa upesi zaidi. Kwa hiyo inapinda zaidi mwanzoni, na mwishoni inarudi zaidi pia. Wengi wanataja kupinda, wanasahau kurudi. Vilevile inapoteza mwendo haraka kwa kuwa haina uzito wa kuipenya hewa. Ndiyo sababu nyepesi yangu ilitawanyika pale uwanjani: kosa dogo la mkono linakuzwa.

Lakini mkono wako, na wa mwanao, unaweza kuipa nyepesi kasi ambayo 175 haitaipata. Draiva isipopata kasi yake hatua ya kwanza haitokei kabisa, inaruka moja kwa moja kwenye kurudi, na hiyo ndiyo Destroyer yangu ya mwaka wa kwanza. Bora diski inayotawanyika kidogo kuliko inayofanya kosa lilelile kila siku na kukuumiza bega.

Ushauri wangu: achana na kasi 12. Tafuta Leopard, ambayo ni 6, 5, -2, 1, au Sidewinder, 9, 5, -3, 1, zenye gramu 150 hadi 160. Kuhusu kasi, nikukumbushe kitu kimoja. Mwaka 2002 Msweden Christian Sandström alirusha mita 250, rekodi ya dunia wakati ule, na aliirusha Valkyrie, kasi 9. Rekodi imeshavunjwa, David Wiggins Jr. alifika mita 338 mwaka 2016 kwenye jangwa la Nevada, lakini mita 250 kwa kasi 9 ni jibu tosha kwa muuzaji yeyote.

Upepo ni kweli. Ukija usoni, kwa diski ni kama umeirusha kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo kila diski inakuwa legevu, na nyepesi ndiyo inayopinduka kwanza. Hapo weka moja ya zile 175 zako, usizitupe. Upepo ukitoka nyuma ni kinyume, diski inakuwa kaidi na kushuka mapema, na hapo nyepesi yenye kuba ndiyo inayokaa hewani. Bega nalo lione daktari kabla ya diski mpya.

#8 Ngong_Upepo (Nairobi)

Ndugu yangu, binamu yangu aliniletea diski mbili kutoka Marekani, Firebird ya Champion 175 na Sidewinder ya Star 168. Tumetundika beseni kwenye mti na kulifanya kikapu. Kinachonishangaza ni kwamba Sidewinder inaenda imenyooka, hailalii kulia kama video zinavyoonyesha, na Firebird ni kama inaanguka. Nimeanza kudhani ni bandia.

#9 MsonobariMrefu (Tampere)

Si bandia, uko juu! Nairobi ni karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Hewa ikiwa nyembamba inaibeba diski kidogo na kuisukuma kidogo, kwa hiyo kila diski inaonekana kaidi kuliko namba zake. Wachezaji wa Denver, mita 1,600, wana kilio hichohicho na hubeba diski legevu zaidi.

Firebird ni 9, 3, 0, 4, tayari ni kaidi hata huku bondeni, kisha ni Champion, kisha ni 175, kisha Nairobi. Mambo manne yamekubaliana upande mmoja. Itumie pale unapotaka kukata kona kali kushoto. Sidewinder ishike. Na ukibahatika kushuka Pwani na diski hizohizo, rusha asubuhi huko Nairobi na keshokutwa kule Pwani, utuletee majibu, maana hapa kwangu hakuna mlima wa kunipa jaribio hilo. Ila usiziache kwenye gari juani njiani.

#10 FundiKalibu (Dar es Salaam)

Hilo la gari nalisisitiza. Kitu kilichosinyaa kikiwa kimebanwa kina nguvu zimelala ndani yake. Ukikipa joto, nguvu hizo zinaamka. Beseni likiachwa juani limeegemea ukuta, jioni unalikuta limepinda. Diski iliyosimamishwa kwa ukingo kwenye kiti cha gari itafanya hivyohivyo. Ilaze.

#11 KijanaWaIlala

Fundi na Msonobari, nimekubali. Swali la mwisho: mtu akitaka kuanza na draiva moja tu, hela ni ya moja tu, achukue plastiki gani?

#12 MsonobariMrefu (Tampere)

DX, Kijana. Leopard ya DX, gramu 160 au karibu na hapo. Itachubuka na itabadilika, na wewe utakuwa unabadilika nayo. Ndani ya mwaka utaijua kuliko diski yoyote utakayonunua baadaye. Champion chukua ukishaona ile ya DX inalalia kulia kila unapoirusha kwa nguvu, hapo mkono wako umeshaipita.

#13 MamaAmani_MN

Kaka, nimerudi. Daktari amenipa mazoezi ya bega na wiki mbili za kupumzika, nimezitimiza. Leopard ya Star tuliipata, gramu 151. Leo Bryant Lake, shimo lile la kuteremka, upepo ulikuwa mgongoni. Niliirusha kwa nusu ya nguvu. Ilielea muda mrefu mpaka mwanangu akaacha kuongea, ikalalia kulia, ikajirudisha kushoto taratibu. Nilihesabu hatua tisa kutoka ilipotua mpaka kikapuni. Bega haliumi.

Sasa mtoto anaitaka hiyohiyo. Je, nimtafutie 151 nyingine, au yeye ashuke hata chini ya 150?

#14 MsonobariMrefu (Tampere)

Hongera sana dada, nimesoma mara mbili! Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili mtafutie ya 140 na kitu ikipatikana, na iwe DX, si Star. Akifikisha umri wa kuirusha mpaka inapinduka kulia, mpe ya kwako.